Unga wa Chupa

Odumase-Krobo
9 Machi 1991

Mpendwa Frempomaa,

Kama unaisoma hii kazini, ifunike kwanza na faili la likizo, maana najua Mkurugenzi hupita saa nne kukagua nani anafanya nini. Nimefika salama. Shangazi tulimzika Jumamosi. Uwanja ulijaa watu, nami nikalia kuliko nilivyotarajia, kumlilia mtu niliyekuwa namtembelea mara moja kwa mwaka na mkate wa Accra mkononi. Sasa wageni wametawanyika. Nimebaki mimi, nyumba yake, na tanuri lake la shanga nyuma ya jiko.

Likizo yangu ni miezi mitatu, ile niliyoilimbikiza tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Usaili wa Mkuu wa Masijala ni tarehe kumi na saba Juni, na nitarudi kabla ya hapo. Miaka tisa nimekalia kiti kile kwa cheo cha kaimu. Ukaimu gani huo, mwenzangu? Mtoto aliyezaliwa siku nilipoanza sasa anajua kuzidisha na kugawanya. Kwa hiyo nakuomba: mashine yangu ya kuchapa ifunikwe, na mtu asikalie kiti changu, hata kuweka mkoba asiweke. Ukisikia lolote kuhusu ile orodha ya watumishi wanaopunguzwa, niandikie siku hiyo hiyo.

Nakuambia wewe peke yako kwamba naogopa. Nikiamka asubuhi, kabla sijajua niko wapi, mkono tayari unapapasa kutafuta funguo za masijala. Nikivuliwa ile kazi sijui nitakuwa nani.

Huku mchana hauna haraka. Kuna binti anaitwa Dede Padi, ana miaka ishirini na saba, ndiye aliyekuwa akifanya kazi na shangazi. Kutwa anatwanga chupa kwenye kinu cha chuma, mpaka ziwe unga. Mlio ule humwingia mtu usingizini. Jana nilisinzia barazani nikaota natembea ndani ya masijala yetu, mafaili yote ni ya kioo, na kila jina nililolisoma lilikuwa na mwanga kwa ndani. Nikaamka natabasamu, sijui kwa nini.

Nimemwomba Dede anifundishe kidogo, nipitishe muda. Akanishika viganja akavigeuza. "Mikono hii haijawahi kutwanga," akasema. Nikamwambia imechapa barua za mawaziri watatu. "Basi itachoka vizuri," akasema, akanisogezea kigoda.

Wako,
Korkor Nartey
Kaimu Mkuu wa Masijala


Accra
22 Machi 1991

Dada Korkor,

Pole tena na msiba. Kiti chako kipo. Mashine yako nimeivika kitambaa changu cha kanisani, na ukichukia, chukia tu, hapakuwa na kingine. Juzi bwana wa stoo alitaka kukikalia ale kenke yake kwa raha. Nikamuuliza kama mkewe anajua kwamba amechoka kuishi. Akaenda kuilia kwenye ngazi.

Orodha bado ni uvumi. Leo wanasema wametajwa madereva, kesho wanasema wapishi. Watu wanapita kwenye korido kimya kimya kama wanakwenda kumwangalia mgonjwa. Mtu akiitwa juu, wenzake wanamshikia kikombe cha chai mpaka arudi. Lakini wewe hukosi. Nani mwingine humu ndani anajua mafaili ya mwaka sabini na moja yalihamishiwa wapi? Mimi mwenyewe nakaa meza ya pili mwaka wa kumi na nane na sijui.

Sasa hili la chupa ndilo limenishinda. Una miaka arobaini na tisa, dada yangu, una cheti cha ukatibu chenye muhuri wa serikali, halafu unakwenda kukaa kwenye kigoda unafundishwa na binti aliyezaliwa wewe ukiwa umeshavunja ungo zamani? Tuma picha nicheke. Elimu haina mwisho, sawa, lakini hata basi la Tamale lina kituo cha mwisho.

Usiniandikie tena cheo chini ya jina, mimi si Hazina.

Frempomaa


Odumase
14 Aprili 1991

Frempomaa,

Picha hutapata. Pata aibu yangu badala yake.

Kazi yenyewe, ukiitazama, ni ya mtoto. Unachukua kalibu ya udongo yenye vishimo, unamimina unga wa chupa kwenye kila kishimo, halafu katikati unachomeka kikonyo cha jani la muhogo. Kwenye tanuri kioo kinayeyuka, kikonyo kinaungua, na pale kilipokuwa panabaki tundu la kupitishia uzi. Basi. Nilitwanga mwezi mzima kabla sijaruhusiwa hata kugusa kalibu, na kila nikimpelekea Dede unga wangu anausugua kati ya vidole na kusema, "Bado unauma, Mama Mashine." Ndiyo jina langu hapa.

Juzi akaniruhusu. Nikajaza kalibu nne, nikachomeka vikonyo. Vikawa vimechomoza juu ya unga, hiki kirefu, hiki kifupi, hiki kimeinama. Unanijua. Sikuvumilia. Nikachukua wembe nikavikata vyote, sawasawa na unga, halafu nikapitisha kidole juu nikasawazisha. Kazi ikapendeza, ungeipigia muhuri bila kusoma. Dede alinipita, akatazama, akaenda zake.

Shanga themanini zikatoka, hakuna hata moja yenye tundu. Kioo kilipoyeyuka kiliufunika mwisho wa kila kikonyo. Dede akazishika mkononi akacheka mpaka akakaa chini. "Kokoto za serikali," akasema. Nikamuuliza kwa nini hakunionya. Akasema, "Ningekuonya ungeniambia ulikuwa unajua."

Nilikasirika, Frempomaa, lakini ni kweli. Miaka ishirini na minne kazini sijawahi kutamka neno sijui. Mkuu mwenye cheo kamili anaweza kulitamka. Kaimu hawezi, kaimu akisema hajui kuna watu watano wanasubiri mlangoni. Nilimwambia Dede pale pale, "Sijui. Nifundishe." Maneno mawili tu, na jasho lilinitoka.

Tanuri likishazibwa hakuna la kufanya isipokuwa kungoja. Nakaa mbali kidogo, joto linatetemesha hewa, na mlima wa wazee wetu unaonekana kwa mbali umeng'oka ardhini unaelea. Nakuwa si macho, si usingizi. Nimeota shangazi ananipita ameshika beseni, hasemi, ananigusa begani tu kama mtu anayepita kwenye kiti kilichomziba njia. Nikikurupuka naona jua limesogea na mimi sijafikiri chochote. Wiki iliyopita nilipitisha siku tatu bila kufungua redio kusikiliza habari za orodha. Siku ya nne nikaogopa kwamba nimesahau kuogopa.

Kuna habari gani?

Korkor


Accra
30 Aprili 1991
(Haikutumwa)

Dada Korkor,

Ulisema nikuandikie siku hiyo hiyo. Naandika.

Wameibandika leo, karibu na mlango wa stoo. Jina lako limo. Langu halimo. Nimelisoma mara nne, nikidhani ni Korkor mwingine, lakini wameandika mpaka namba yako ya utumishi. Wewe na watu wengine ishirini na tisa mmeondolewa kuanzia leo. Usaili wa Juni hautakuwepo tena, cheo chenyewe kimefutwa.

Bahasha yako nimepewa mimi nikufikishie. Na funguo za masijala nimepewa mimi nizishike kwa muda. Yaani nimekuwa kaimu wako. Bwana wa stoo naye ametajwa, alikuwa analia kwenye ngazi zile zile, nami sikuweza kumtazama kwa sababu nilikuwa na furaha. Ndiyo, furaha, kwamba si mimi. Nimeona haya nafsini mwangu, Dada.

Nitakwambiaje kwa stempu na gundi? Uliniambia hujui utakuwa nani. Nimeandika, lakini kuituma siwezi.

F.


Accra
3 Mei 1991

Dada Korkor,

Huku salama. Orodha bado ni maneno tu. Kiti kipo, mashine ipo, wanakuulizia kila siku. Mkurugenzi mwenyewe alisema masijala bila wewe ni soko.

Nimecheka sana na kokoto za serikali. Usiwe na haraka ya kurudi. Kaa, jifunze hizo shanga, tena jifunze kweli kweli, hata zile ngumu. Mtu hajui kesho. Nisamehe kwa mwandiko, naandika kwa kalamu, mkono unatetemeka kwa malaria kidogo.

Frempomaa


Odumase
19 Mei 1991

Mpendwa Frempomaa,

Pole na malaria. Kunywa dawa yote, usiache katikati kama kawaida yako.

Huu ndio msimu wa kuwatoa mabinti zetu utotoni, sherehe yetu ya dipo, kwa hiyo tumetwanga na kuchoma bila kupumzika. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutafuta shanga za kiunoni za binti yake. Dede akamtandikia mkeka mzima, za shangazi, za kwake, na tungo moja yangu, ya bluu iliyofifia, chupa za dawa ya kikohozi hizo. Yule mama akashika hii, akashika ile, akarudi kwenye yangu. Akaipeleka karibu na sikio akaitikisa, akaichukua. Hakuuliza ni ya nani. Niliingia jikoni nikasimama nyuma ya mlango nimeziba mdomo kwa kanga.

Jumapili nikawaona mabinti wakipita. Nywele zimenyolewa, viuno vimezungushiwa shanga hadi hawawezi kwenda haraka hata wakitaka. Walipita polepole sana, jua likiwa ndani ya vioo, na yangu ilikuwemo mahali fulani humo. Sikuitafuta. Nilisimama kando ya njia kwa muda mrefu baada ya wao kuondoka.

Sasa nisikilize vizuri, uketi. Sirudi. Nimeliwaza hili kila nikitwanga, na kila nikiliwaza nangoja woga uje, hauji. Nataka kubaki hapa nijifunze. Kuna rangi ambazo Dede mwenyewe bado anazisumbukia. Nitakufa sijazimaliza, na hilo linanifurahisha, wakati zamani kazi isiyokwisha ilikuwa inaninyima usingizi.

Na nikwambie kilichonipa nguvu. Ni lile neno lako, kwamba wananiulizia kila siku. Kama wangekuwa wamenifukuza ningekuwa nimekimbilia hapa kujificha, na kila mtu angejua. Lakini wananihitaji na kiti kinaningoja, kwa hiyo nakiacha kwa miguu yangu mwenyewe. Hujui ulivyonisaidia.

Nimeambatanisha barua yangu ya kuacha kazi. Nimeichapa kwa mashine ya shule ya misheni, mistari mitano tu. Mpe Mkurugenzi kwa mkono wako wa kulia, na umtazame usoni anapoipokea. Halafu uje utueleze alivyofanya.

Dadako,
Korkor


Accra
4 Juni 1991

Dada Korkor,

Usinihurumie malaria, sikuwa na malaria.

Orodha ilitoka tarehe thelathini Aprili na jina lako lilikuwamo. Nilikuandikia siku hiyo hiyo, barua ninayo, naiambatanisha hapa pamoja na bahasha yao. Sikuzituma. Niliona utakufa, au utakuja hapa ulie mbele ya watu, na nikajiambia acha amalize kujifunza kwanza, labda atapata pa kushika. Halafu nikakuandikia uongo. Hakuna aliyekuulizia. Mkurugenzi hakusema lile la soko, ni mimi niliyelitunga nikiwa nakula. Mahali pa meza yako wameweka kabati, kiti wameniachia mimi.

Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku tano. Nilifikiri niichane nikuambie wameikubali. Nisingeweza kukutazama tena. Jana nikapanda juu nikampa kwa mkono wa kulia, nikamtazama usoni. Akasoma. Akasema, "Mbona huyu si wetu tangu Aprili?" Nikamwambia najua, lakini ameacha kazi, apigiwe muhuri wa kupokelewa kama wengine wanaoacha. Akasema haina maana. Nikasema sitoki. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ninayetetemeka nikiitwa juu. Akagonga muhuri ili nimwondokee. Nakala hii hapa.

Najua haitoshi. Wanasema orodha ya pili itatoka Septemba, na silali. Lakini hilo si la kukuambia wewe sasa. Nisamehe ukiweza.

Frempomaa


Odumase
10 Juni 1991

Frempomaa,

Nimezipata zote nne.

Ulichukua kitu changu ukakishika siku thelathini na tano. Hata kama ni kufukuzwa, kulikuwa kwangu. Dereva wa lori, muuza kenke wa getini, wote walijua kuhusu Korkor, ila Korkor mwenyewe alikuwa kijijini anajisifu kwamba anahitajika. Mistari mitano ile niliichapa mara saba ili isiwe na kosa.

Usiniandikie kwa sasa.

K. Nartey


Odumase
28 Julai 1991

Frempomaa,

Nimekaa kimya wiki saba. Nilikuwa na hasira na wewe, na hasira ile nataka uijue, sitaki kukuficha, tumefichana vya kutosha.

Siku kumi sikugusa kinu. Siku ya kumi na moja nikavaa gauni la kazini, viatu vile vyeusi, nikaenda kituoni nije Accra. Lori la kwanza likaondoka. La pili likaondoka. Nilikuwa najaribu kupanga nitasema nini nikifika. Kazi siitaki, nilishasema siitaki na nilikuwa nasema kweli. Sasa nakwenda kudai nini? Nikaona kwamba nakwenda kudai wajue kuwa niliwaacha mimi kwanza. Frempomaa, safari ya lori saa mbili, ili mtu mmoja ofisini ajue hilo! Nilidhani nimeiweka kazi chini, kumbe bado nilikuwa nimeikumbatia sifa ya kuiacha, na hiyo ndiyo mliyoninyang'anya. Iliniuma kuliko kazi yenyewe.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Nikamuuliza Dede, "Kama ningejua mwezi wa nne kwamba nimefukuzwa, ningejifunza?" Akasema, "Ungetwanga kwa hasira. Unga ungekuwa laini zaidi." Halafu akanipa mchi. Hata pole hakunipa.

Sasa hivi hata yeye yuko darasani. Kuna mzee mmoja wa kike ng'ambo ya mto anayejua kuchora shanga na kuzichoma mara ya pili bila rangi kuvuja, na Alhamisi tunakwenda wote wawili. Yule bibi hana adabu. Anatuita wanafunzi wake wazembe, anamwambia Dede mbele yangu kwamba mkono wake mzito. Dede anarudi amenuna, mimi ndiye ninayembembeleza. Tukiwa kwenye mtumbwi maji yanapita taratibu, na mara nyingine sijui kama tunakwenda au tunarudi. Siulizi.

Kiti sasa ni chako. Kikalie vizuri, usikikalie upande mmoja kama mwizi. Na hayo ya Septemba ndiyo hasa ya kuniambia mimi, kwani nani mwingine ameshapita njia hiyo? Siwezi kukuambia hutatajwa. Nimeona ulivyopanda ngazi ukagoma kutoka ofisini kwa mtu kwa ajili ya muhuri usio na maana. Mtu aliyefanya hivyo, akiondolewa masijala, bado atakuwepo. Njoo mwezi wa nane, siku nne tano. Sitakufundisha kitu usipotaka. Utalala.

Nimekusamehe, ingawa nikikuona nitakusema.

Jumanne nilikwenda zahanati kwa ajili ya macho, maana kuchora kunataka miwani. Karani ana fomu yake, anauliza bila kuinua kichwa. Jina. Umri. Kijiji. Kazi. Nilifungua mdomo na lile neno likaja lenyewe, Kaimu, miaka tisa linakuja lenyewe. Nikalingoja lipite.

"Najifunza," nikasema.

Akainua kichwa. "Unajifunza nini, mama?"

"Shanga, kwa sasa."

Akaitazama fomu yake juu na chini. "Hilo halina pa kuliandika. Niandike nini?"

Nikamwambia aache wazi. Unajua fomu ngapi nimerudisha mimi, kwa sababu mtu ameacha nafasi wazi? Nikiwa hapo nilikuwa naandika kwa wino mwekundu, Rudisha, Jaza. Akaacha wazi. Nikaenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, dirisha likiwa wazi, harufu ya mvua inaingia, na nikasinzia kidogo. Walipoita waliita Korkor tu, nikanyanyuka nikaenda.

Korkor